Barua Iliyothibitishwa au Barua Iliyolipiwa? Uhakiki wa Istilahi za Posta ya Kielektroniki

Mfasiri anapokutana na neno la kigeni lenye sura ya kirasmi, mara nyingi huliheshimu kupita kiasi. Hulitafutia neno la Kiswahili lenye heshima ile ile, akalitia mahali pake, akaendelea na kazi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba desturi hiyo yaweza kuleta madhara, na kwamba istilahi yaweza kuwa sahihi katika kamusi na bado ikampotosha msomaji ofisini. Mfano tuliouchagua ni mjadala uliozuka Marekani mwaka 2006 juu ya barua pepe za kulipia zilizopewa jina la barua "zilizothibitishwa", pamoja na machujio ya barua taka ambayo barua hizo zilikusudiwa kuyapita. Mjadala wenyewe umepoa, lakini maneno yake yangali yanatembea, na mfasiri wa sheria, mwandishi wa mikataba na mwalimu wa somo la kompyuta hukutana nayo kila mara.

Asili ya mjadala

Yafaa ikumbukwe kwamba tatizo la barua zisizotakiwa ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1975 Jon Postel, mmoja wa wataalamu waliouweka msingi wa mtandao, aliandika waraka mfupi akieleza kwamba mitambo ya wakati ule haikuwa na njia ya kumwezesha mpokeaji kuukataa ujumbe asioutaka. Mwezi Mei 1978 mwuzaji wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation alipeleka tangazo la biashara kwa mkupuo mmoja kwa watu wapatao 400 waliokuwa kwenye mtandao wa ARPANET, akalaumiwa vikali. Lau tangazo lile lingepelekwa kwa karatasi, lingehitaji stempu 400. Kwa njia ya mtandao, barua ya 400 ilimgharimu mtumaji karibu sawa na bure, na mzigo wa kuihifadhi na kuisoma ukamwangukia mpokeaji na mwenye mtambo uliomtunzia barua zake.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo. Katika posta tuliyoizoea mtumaji hulipia stempu, na mwenye sanduku hulipia kodi ya sanduku lake. Kila mmoja hubeba sehemu yake. Katika posta ya kielektroniki upande mmoja wa mizani uliondolewa. Wataalamu wakaanza kutafuta njia za kuurudisha. Mwaka 1992 Cynthia Dwork na Moni Naor walipendekeza mtumaji alipe si kwa fedha bali kwa kazi: kompyuta yake ifanye hesabu ya muda mfupi kabla ya barua kupokelewa, hesabu isiyomsumbua mwenye barua moja lakini inayomchosha mwenye barua milioni. Adam Back alibuni mfumo wa jinsi hiyo mwaka 1997, akauita Hashcash. Wengine walielekea kwenye kuchuja. Mwaka 2002 Paul Graham alieleza namna ya kutumia hesabu za uwezekano: mtambo huhesabu ni mara ngapi kila neno huonekana katika barua njema na katika barua mbaya, kisha hukadiria barua mpya imeelekea upande gani.

Katika hali hiyo, mwanzoni mwa mwaka 2006, kampuni za AOL na Yahoo zilitangaza kwamba zingetumia huduma ya kampuni iitwayo Goodmail Systems. Mtumaji wa barua nyingi angechunguzwa kwanza, kisha angelipa kati ya robo senti na senti moja ya Marekani kwa kila barua. Barua yake ingetiwa alama ya siri ya kihesabu, ingepita bila kuzuiwa na machujio, na mpokeaji angeiona ikiwa na nembo maalumu. Huduma hiyo iliitwa CertifiedEmail.

Upinzani ulitokea mara moja. Mwishoni mwa Februari 2006 shirika la Electronic Frontier Foundation, linalotetea haki za watumiaji wa mtandao, liliungana na makundi mengi kupinga mpango huo. Katika muungano huo walikuwamo MoveOn, kundi la siasa za mrengo wa kushoto, na Gun Owners of America, chama cha wenye bunduki. Watu ambao kwa kawaida hawakai meza moja. Kilikuwamo pia chama kinachoendesha orodha za barua za wagonjwa wa saratani. Hoja yao kuu ilikuwa kwamba kampuni inayopata fedha kwa barua zilizolipiwa haitakuwa na sababu ya kuitunza vizuri njia ya wasiolipa. AOL ilijibu kwamba hakuna aliyelazimishwa kulipa na kwamba njia ya bure ingebaki, kisha ikaahidi kuyasaidia mashirika yasiyo ya kibiashara yapate manufaa kama hayo bila malipo. Naye Esther Dyson, aliyepata kuwa mwenyekiti wa bodi ya Electronic Frontier Foundation yenyewe, aliutetea mpango huo hadharani, akitaka uachwe ujaribiwe sokoni. Goodmail ilifunga shughuli zake mwezi Februari 2011.

Neno "kuthibitisha"

Basi tuulizane: katika barua ile, ni kitu gani kilichothibitishwa?

Mtumishi wa serikali anaposikia habari za barua iliyothibitishwa, fikra zake huenda kwenye barua ya rejista: ile inayopewa namba, inayotiwa sahihi na mpokeaji, na inayoweza kupelekwa mahakamani kuwa ushahidi kwamba fulani alipelekewa taarifa siku fulani. Huko Marekani nako neno walilolitumia Goodmail ndilo linalotumiwa na posta kwa barua yenye stakabadhi ya kupokelewa. Lakini huduma ya Goodmail haikujengwa juu ya stakabadhi ya kisheria. Kilichochunguzwa ni mtumaji: yu nani, ana mwenendo gani, malalamiko dhidi yake ni mengi au machache. Kwa maneno mengine, huduma ile ilikuwa ya kumdhamini mtumaji mbele ya bawabu. Jina lake liliazima heshima ya rejista bila kubeba wajibu wa rejista.

Linganisha na mambo yaliyofanyika Italia. Kwa amri ya tarehe 11 Februari 2005, namba 68, nchi hiyo iliweka taratibu za barua pepe yenye nguvu ya kisheria. Mtumaji hupata stakabadhi mbili: ya kwanza huonyesha kwamba barua yake imekubaliwa na mtoa huduma, ya pili huonyesha kwamba imefikishwa katika sanduku la mpokeaji. Barua hiyo ina nguvu sawa na barua ya rejista yenye hati ya kurejeshwa. Waitalia nao waliipa jina lenye maana ya "posta ya kielektroniki iliyothibitishwa". Baadaye Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake namba 910 ya mwaka 2014, ulichagua maneno yenye maana ya kupeleka kwa rejista. Kwa maoni yetu chaguo hilo la pili ni bora, kwa maana linaeleza kitendo chenyewe.

Sasa mtazame mfasiri aliye na nyaraka mbili mezani, moja ya Goodmail na moja ya Italia. Kamusi itampa neno lile lile kwa zote mbili, naye akiandika "barua pepe iliyothibitishwa" mara mbili hatakosolewa na mtu. Lakini karani atakayesoma tafsiri hiyo ataamini kwamba barua ya Goodmail yaweza kutumika kama ushahidi wa kumwarifu mdaiwa. Kosa hilo halimo katika sarufi. Litajulikana siku shauri litakapotupwa.

Kodi, stempu au hongo

Wapinzani wa Goodmail nao hawakuwa waangalifu kwa maneno. Waliita ada ile "kodi ya barua pepe". Kodi hutozwa na dola, na asiyelipa hushtakiwa. Ada ya Goodmail ilitozwa na kampuni binafsi, na asiyelipa alibaki alivyokuwa jana. Neno kodi lilipata nguvu kwa sababu lilitisha.

Watetezi walipenda kusema "stempu". Nalo lina kasoro. Stempu hulipia kazi ya kuchukua barua kutoka hapa mpaka pale, na kila barua, ya tajiri na ya maskini, hulipiwa vivyo hivyo. Barua pepe isiyolipiwa ilichukuliwa kama kawaida. Kilicholipiwa ni kusamehewa ukaguzi. Posta ambayo barua zote zinasafiri, ila zenye stempu tu hazifunguliwi mlangoni, si posta ya stempu.

Kiswahili kina neno ambalo lingeweza kuuingia mjadala huu mpaka kiini, nalo ni hongo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda bara ililipa hongo kwa watawala wa nchi ilizopita. Ililipwa kwa vitambaa, shanga na waya, wala haikuwa aibu kwa mtoaji wala kwa mpokeaji. Ilikuwa ada ya njia, na mtawala aliyeipokea alitarajiwa kuuacha msafara upite kwa amani. Leo neno hilo hilo ni rushwa, na mtu hufungwa kwa ajili yake. Umbo la neno halikubadilika. Kilichobadilika ni kitendo kinachotajwa na hukumu ya jamii juu yake.

Tukichunguza ni nini kinachoitenga hongo ya zamani na hongo ya leo, tunapata maswali matatu. Je, kiasi kinajulikana na wote? Je, mlipaji hupata huduma, au huepushwa tu na adha inayowapata wengine? Je, anayepokea malipo ndiye pia anayeamua mlango uwe mgumu kiasi gani? Kwa swali la kwanza Goodmail wanastahili kusifiwa: bei ilitangazwa, na fedha peke yake haikutosha, maana mtumaji alichunguzwa. Kwa swali la pili jibu limechanganyika: mpokeaji alipata uhakika kwamba barua yenye jina la benki imetoka benki kweli, na hiyo ni huduma, lakini mtumaji alinunua pia msamaha wa chujio. Kwa swali la tatu hapana budi kuwaunga mkono wapinzani. Sehemu ya ada ilikwenda kwa kampuni zenye machujio. Bawabu aliyeshirikishwa katika pato la mlango wa kulipia alikuwa ndiye huyo huyo anayeulinda mlango wa bure. Hatusemi kwamba aliukaza mlango huo. Twasema kwamba alipewa sababu ya kutoulegeza.

Je, basi tulipendekeze neno hongo liwe istilahi? La. Istilahi ikishahukumu kabla ya hoja kusikilizwa, imeacha kazi yake. Kwa sababu hiyo hiyo tunaikataa "barua iliyothibitishwa": hiyo nayo imekwisha hukumu, ila kwa upande wa muuzaji. Tunalolihitaji ni neno linalotaja kilicholipiwa na kumwachia msomaji hukumu.

Taka na chujio

Neno "barua taka" limekwisha enea, wala hatukusudii kuling'oa. Yaliyowapata ngamizi na tarakilishi mbele ya kompyuta yametufundisha kwamba watumiaji ndio wanaoamua. Lakini neno lenye kuenea si lazima lifae kila mahali. Taka ni hukumu ya mpokeaji: barua ile ile ya duka la nguo ni taka kwa huyu na ni habari njema kwa yule. Sheria haiwezi kujengwa juu ya hisia ya mpokeaji, na ndiyo sababu sheria nyingi zinatazama kama barua iliombwa, kama jina la mtumaji ni la kweli, na kama mpokeaji anaweza kujitoa.

Tofauti hii si ndogo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2004, haikupiga marufuku tangazo lisiloombwa. Ilitaka vichwa vya barua visiwe vya uongo, anwani ya mtumaji ionekane, na mpokeaji apewe njia ya kujitoa. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 lilikwenda upande mwingine: likataka kwa kawaida mpokeaji akubali kwanza ndipo apelekewe tangazo. Mfasiri akiziita zote mbili "sheria za kupiga marufuku barua taka", amefuta tofauti ambayo watunga sheria wa pande mbili za bahari waliishindania. Kwa Marekani aandike sheria ya kudhibiti barua pepe za biashara. Kwa Ulaya aseme wazi kwamba ridhaa hutangulia.

Neno "chujio" nalo latutaka tulitazame. Mpishi anapolikamua tui kwa kifumbu, tui hupita na machicha hubaki. Machicha hayo huyaona kwa macho yake, na akipenda huyatia maji akakamua tui la pili. Kifumbu hakimfichi mpishi kitu. Chujio la barua pepe halikuumbwa hivyo siku zote. Barua nyingine huwekwa katika folda ya taka, ambako mwenyewe anaweza kuipekua. Hiyo kweli imechujwa. Nyingine hukataliwa mlangoni, na mpokeaji hajui kamwe kwamba iliwahi kuja. Hiyo haikuchujwa; imezuiwa. Kuviita vitendo viwili hivi kwa neno moja ni kuficha kile kilicho kizito zaidi.

Aidha chujio la mtambo huona herufi, halioni maana. Mwaka 1996 AOL ilipowakataa wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walipotaka kujiandikisha, sababu ilikuwa kwamba ndani ya jina la mji wao zimo herufi nne zinazofanya neno la matusi. Neno la Kiingereza lenye maana ya daktari bingwa limebeba ndani yake jina la dawa ya Cialis, inayotangazwa mno na walaghai. Wagonjwa wanaoandikiana juu ya saratani ya matiti au ya tezi dume hutumia, kwa dhiki yao, maneno yale yale anayoyatumia mlaghai kwa tamaa yake. Ndipo tunapoelewa kwa nini chama cha wagonjwa kilisimama pamoja na wanasiasa mwaka 2006. Barua iliyozuiwa hailii. Mgonjwa aliyeuliza swali usiku na asipate jibu hudhani hakuna aliyemjali.

Mwezi Aprili mwaka huo ilionekana kwamba barua zilizotaja anwani ya muungano wa wapinzani zilikuwa hazifiki kwa wateja wa AOL. Kampuni ilisema ni hitilafu ya mitambo, ikairekebisha. Hatuna haja ya kudhani nia mbaya. Ikiwa ilikuwa hitilafu tu, fundisho ni kubwa zaidi: mlango waweza kufungwa bila mtu kuamua kuufunga, na waliofungiwa waliweza kujua kwa kuwa walikuwa wengi na wenye sauti. Mtu mmoja asingejua.

Hali ya leo

Pengine msomaji atasema kwamba Goodmail imekwisha na mambo yake yamekwisha. Sivyo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinawataka watumaji wa barua nyingi wathibitishe asili ya barua zao kwa taratibu za kiufundi zijulikanazo kwa vifupisho SPF, DKIM na DMARC, watoe njia nyepesi ya kujitoa, na malalamiko ya wapokeaji yasifikie asilimia 0.3. Hapa neno kuthibitisha limetumika mahali pake: mtambo wathibitisha kwamba barua imetoka pale inapodai kutoka. Hausemi kwamba mtumaji ni mwema. Tena ipo alama ya tiki ya buluu ambayo Gmail huiweka kando ya jina la mtumaji tangu mwaka 2023, na mwenye kuitaka huhitaji cheti cha nembo kinacholipiwa kwa mwenye kutoa vyeti. Ada kwa kila barua imetoweka. Swali la nani anamdhamini nani, na kwa malipo gani, lingalipo.

Mapendekezo

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matano kwa wafasiri, walimu na watumishi.

Kwanza, "kuthibitisha asili" kutumike pale tu mtambo unapohakikisha barua imetoka wapi.

Pili, barua pepe yenye stakabadhi za kisheria, kama ile ya Italia, iitwe "barua pepe ya rejista". Neno rejista limo vinywani mwa watu wa posta na wa mahakama, na linabeba wajibu unaotakiwa.

Tatu, barua ya mtumaji aliyechunguzwa na mtu wa tatu iitwe "barua pepe yenye dhamana", na kila mara itajwe dhamana imetolewa na nani. Dhamana isiyo na mdhamini ni neno tupu.

Nne, malipo ya kusamehewa ukaguzi yaitwe "ada ya kupita". Yasiitwe kodi, yasiitwe stempu, na mwandishi wa hoja anayetaka kuyaita hongo aseme kwa jina lake mwenyewe, si kwa jina la kamusi.

Tano, "kuchuja" kutengwe na "kuzuia", na makosa ya chujio yatajwe yote mawili: "kosa la kupitisha", barua mbaya inapoingia, na "kosa la kuzuia", barua njema inapokataliwa. Mwalimu anayefundisha la kwanza bila la pili amefundisha nusu ya somo, na nusu hiyo ndiyo inayompendeza mwuza machujio.

Tunajua watakaosema kwamba haya ni mambo ya mafundi, na kwamba kazi yetu ni kutafuta neno, si kuuliza linamnufaisha nani. Sisi twaona kwamba maswali hayo mawili hayatenganiki. Mwaka 2006 watu wenye akili walibishana kwa miezi, wengi wao wakidhani wanabishana juu ya fedha, kumbe kila upande ulikuwa umekwisha shika neno lake na kulifanya ngao. Sisi tunaolifasiri neno hilo baada yao hatuna sababu ya kuirithi ngao hiyo. Tukiulizwa barua imethibitishwa, nasi tuulize: imethibitishwa nini, na nani, na kwa ajili ya nani? Neno litakaloweza kujibu maswali hayo matatu ndilo linalostahili kuingia katika orodha ya istilahi zetu.